Pasta anafika nyumbani, infirmie hafiki

Hapa Bukavu, ukiwa na mutu mu nyumba mwenye akili imeanza kumusumbua, wa kwanza kugonga mulango wako hatakuwa infirmie. Atakuwa pasta, ao wamama wa kikundi cha maombi cha avenyu, watatu wane hivi, kitenge kiunoni na Biblia mukononi, watafika jioni, watakaa, wataimba, wataomba mupaka usiku, na kesho watarudi. Hawaulizi fishi, hawaulizi kama umelipa. Njo maana nikisikia wasomi wetu mu redio wanasema watu wa Kadutu wanapeleka wagonjwa mu vyumba vya maombi juu ya ujinga, roho inaniuma kabisa, juu nimeishi ndani ya nyumba kama hiyo na najua sisi tulimufuata pasta kwa sababu ingine: yeye njo alifika.

Mudogo wangu alianza kugonjwa akiwa na miaka 22, mwaka wa pili wa iniversite. Akaanza kusikia sauti, halali, anafunga madirisha mchana, anasema jirani ameficha kitu mu ukuta. Hatukumupeleka hospitali mara moja, siwezi kudanganya, tulizunguka kwanza ile muzunguko kila familia inajua. Mwisho tukamufikisha mu hospitali moja, walimupokea vizuri, akakaa wiki sita, akatoka amenenepa, analala, anacheka na mama. Siku ya kutoka wakamupiga ile sindano ya mwezi, wakatupa vidonge ndani ya karatasi iliyokunjwa, na randevu ya kisha siku 30. Basi. Hakuna mutu alituambia nini inaweza kutokea ndani ya zile siku 30.

Siku ya nne shingo yake ikajikunja. Ikaenda upande moja ikakaa pale, macho ikapanda juu, ulimi ukawa muzito anashindwa hata kumeza mate, na ni usiku, umeme hakuna, sisi wote tunamuangalia na torshi ya telefone. Mama akapiga magoti. Mujomba akasema mbele ya watu wote: "Munaona? Pepo inakatala dawa." Na kweli ukiangalia kwa macho yako ile sura, nani alikuwa wa kumubishia? Mule ndani hakukuwa hata mutu moja wa kujua kwamba ile ni dawa yenyewe, kwamba dawa za aina ya haloperidoli na flufenazini zinaweza kukaza misuli ya shingo, ya taya na ya macho, zaidi mu siku za kwanza, zaidi kwa vijana wanaume, na kwamba kuko dawa ingine ya kuregeza ile, na inaregeza haraka. Ingetosha mutu moja aingie, aangalie, aseme "mama, usiogope, hii tunaijua". Hakuja mutu. Tulitupa vidonge mu choo, na kisha wiki ya sita mudogo wangu alikuwa amefungwa kamba mu aneksi nyuma ya nyumba. Tulimufunga sisi wenyewe, watu wanaomupenda.

Naandika hii wazi juu najua haiko nyumba yetu peke yake. Nimezungumuza na familia nyingi tangu ile wakati, Cimpunda, Nyamugo, Panzi, mupaka huko Bagira, na hadithi inafanana sana: hospitali ilifanya kazi, mutu akatoka mzima, alafu kila kitu kikavunjika nyumbani. Kikavunjika kati ya randevu na randevu, pahali hospitali haina jicho. Anajisikia vizuri, anasema nimepona, anaacha vidonge. Ao vidonge vimemalizika tarehe 20 na randevu ni tarehe 30. Ao dawa inamupa njaa kali na mu sahani kuko bugali kidogo na lengalenga ya watu wanane. Ao mikono inatetemeka, mate inatoka, watoto wa avenyu wanamucheka, na yeye anaona afazali kichaa kuliko aibu. Kila moja ya hizo inaonekana kwa macho, kama tu kuko macho.

Sasa mimi sina neno baya juu ya hospitali za akili. Bukavu tuko na Sosame, Goma wako na Tulizo Letu, Lubumbashi kuko kituo chenye jina la Guislain, daktari wa Ghent wa karne ya 19, na zote tatu ni kazi ya Mafurere wa Charité, shirika la watawa Wakatoliki lililoanzia kule Ghent, Ubelgiji, mwaka 1807. Bila wao mashariki na kusini mwa inchi hii tungekuwa gizani kabisa. Lakini kitanda kinamushika mugonjwa wiki, ugonjwa unamushika miaka, na ile miaka yote anaipitisha nyumbani, na kwetu nyumbani maana yake ni mulima. Yule asiyejua Kadutu: nyumba zinapandana kama sahani, barabara ya gari inaishia chini, kutoka pale ni ngazi za udongo na mifuko ya muchanga, mvua ikinyesha unashuka kwa makalio. Mwambie mama wa miaka 60 ashuke pale na kijana wa kilo 80 asiyetaka kwenda, alafu apande moto, alafu apange mustari tangu asubuhi, alafu arudi, kila mwezi, maisha yote. Hospitali inaandika mu fishi "mugonjwa hakurudi". Mimi naona ni sisi hatukuenda.

Kuko daktari wa akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, anayehadisia kila mara kwa nini alibadilisha kazi yake. Mwaka 2005 mugonjwa wake, musichana, alijitoa uhai, na mama yake alipoulizwa kwa nini hakumuleta hospitali haraka vile walikubaliana, akajibu walikosa dola 15 za bus. Dola 15! Mwaka uliofuata Chibanda alienda mu kartie ya Mbare, mule Harare, akaanza na wabibi wazee 14, wabibi wa kawaida wa kartie, akawafundisha kukaa na mutu juu ya benchi na kumusikiliza kwa utaratibu, kumusaidia achague shida moja na kuitafutia njia. Mwaka 2016 utafiti wao ulitoka mu JAMA, jarida kubwa la udaktari la Marekani, ukaonyesha kwamba kisha miezi sita wale walioketi na wabibi walikuwa na dalili chache za huzuni na wasiwasi kuliko wale waliopata matunzo ya kawaida. Ile ni kwa magonjwa mepesi mepesi zaidi, sawa. Kwa yale mazito kuko Ethiopia. Mu wilaya ya Sodo walichukua watu wenye skizofrenia, ugonjwa muzito wa akili wenye kuleta sauti na mawazo yasiyo ya kweli, wote wako na haki ya kupata dawa mu santre ya afya, alafu sehemu moja wakawaongezea kitu kimoja: mutu wa palepale, haiko daktari, amefundishwa wiki chache, anawatembelea nyumbani kwa muda wa mwaka. Kisha mwaka, wale waliotembelewa walikuwa wanaweza zaidi: kujitunza, kufanya kazi, kukaa na watu. Dawa ilikuwa mulangoni mwa wote, tofauti ilikuwa ile ziara.

Hapa njo iko neno langu lote, na wengi hawataki kulisikia. Kwetu ziara tunaiona kama huruma, kama kumuangalia mugonjwa na kumuletea sukari na ndizi. Mimi nasema ziara ni matibabu, sawa na sindano, iko na kipimo chake, iko na saa yake, na ikikosa mutu anarudi mu kriz.

Nitasema vile niliiona. Chini ya kwetu kulikuwa infirmie moja muzee, amepumuzika mu kazi, jirani tu. Siku moja alipita akasikia makelele ya aneksi, akapanda. Hakusema "mufungueni" ile siku. Aliomba maji ya kunywa. Akakaa juu ya kibidoni, karibu na mudogo wangu lakini haiko karibu sana, akamusalimia kwa jina yake, akamuuliza alikula nini. Akarudi kisha siku mbili. Ya tatu akakuja na barua ya kumurudisha kwa daktari, wakapunguza kipimo, wakaongeza ile dawa ya kuregeza misuli, na kamba ikatoka. Tangu pale kila Alhamisi, saa tisa. Anahesabu vidonge, lakini anahesabu pamoja na mugonjwa mwenyewe, haiko kwa siri na mama. Anaangalia mikono kama inatetemeka. Anaangalia kitanda kama kimelaliwa. Anauliza nani alipika leo, na ukifikiri ni swali la bure umekosea, juu jibu linamuonyesha kama kuko chakula, nani yuko nyumbani, nani amekasirika na nani. Kisha anamugeukia mama: "Na wewe mama, unalala?" Mama yangu mara ya kwanza kuulizwa hivyo alilia mupaka chai ikapoa. Miaka mbili yote hakuna mutu aliwahi kumuuliza yeye.

Hiyo ya mama nataka nikae nayo kidogo. Huko London, mwanasosiolojia George Brown alifuata, mu miaka ya 1950, wanaume waliotoka hospitali za akili, akaona kitu kilichomushangaza: wale waliorudi kwa wake zao ao kwa wazazi walikuwa wanarudia ugonjwa zaidi kuliko wale walioenda kwa ndugu ao kupanga chumba. Kazi zilizofuata zikaonyesha kwa nini. Nyumba yenye lawama mingi, yenye kukemea kila saa, ao yenye kumufunika mugonjwa kama kitoto kichanga, inamuchosha na inamurudisha mu kriz. Watu wengine wamechukua ile wakaigeuza kuwa mashitaka juu ya wamama, na hiyo ni vibaya sana. Mimi naisoma hivi: yule anayekemea amechoka, halali, anaogopa, hana wa kumupokea hata siku moja. Kwa hiyo anayetembelewa ni nyumba muzima. Infirmie wetu alimufundisha mama kitu kidogo tu, kwamba kijana kukaa kitandani mupaka saa sita haiko uvivu, ni ugonjwa na ni dawa, na badala ya kumupigia kelele toka asubuhi, umupe kazi moja yenye saa: kuchota maji saa nne, bidoni moja. Ile kelele ikapungua nusu. Hakuna kidonge kingefanya ile.

Na ziara inaweza kuharibu pia, tuseme ukweli. Kuko mashirika yenye roho nzuri yanafika na gari ya jipu, bendera juu, vijana watano na gile zenye maandishi mugongoni, karatasi mukononi, wanauliza mbele ya watoto wa avenyu "mugonjwa wa akili anaishi nyumba gani?" Ile siku moja imemaliza jina la familia. Dada yake hataolewa pale, mwenye nyumba atataka watoke. Kwetu mutembeleaji muzuri anafika kwa miguu, na nguo za kawaida, anasalimia majirani kama jirani, na akiulizwa anasema amekuja kumuona mama. Alafu anarudi. Kuja mara moja kuandika majina na kupotea, naona afazali usije, juu mutu aliyekwisha kuachwa na wengi umemuacha tena.

Njo sababu siwafuate wale wanaosema wagonjwa wote watoke tu, hospitali zifungwe, jamii itawachukua. Afrika ya Kusini walifanya karibu hivyo mu jimbo la Gauteng kati ya 2015 na 2016: walivunja mukataba na Life Esidimeni, kampuni iliyokuwa inatunza wagonjwa wa akili, ili kupunguza pesa, wakatoa wagonjwa zaidi ya 1,400, wengi wakapelekwa mu mashirika yasiyokuwa tayari, mengine hata ruhusa halali hawakuwa nayo, na watu 144 wakafa, kwa njaa, kiu, baridi, kwa kukosa kuangaliwa. Wale walitolewa kwa jina zuri la "matunzo ya jamii". Jamii hailetwi na barua ya waziri. Ni mutu mwenye jina, siku yenye jina, na nauli yenye pesa, na kama hizo tatu haziko basi umemutupa mutu.

Watu wataniambia pesa hakuna, na wote tunajua vile iko. Tangu Februari 2025 muji ulipoingia mukononi mwa waasi wa M23 benki zilifunga milango, kupata pesa ya kushika mukono ni vita ingine, infirmie wengi wanaishi kwa Mungu. Najua. Lakini ni sasa njo tunahitaji zaidi. Shirika la Afya Duniani lilihesabu mwaka 2019 kwamba mu maeneo ya vita karibu mutu 1 kati ya 5 anaishi na tatizo la akili, na kama watu 5 kati ya 100 wako na lile zito kabisa. Chukua avenyu yako, hesabu nyumba. Hakuna mutu atajenga vitanda vya watu wote hao, wala haifai, wengi hawahitaji kitanda hata siku moja. Ziara haina ukuta wala mabati wala jenereta. Infirmie moja wa santre ya afya, siku mbili kwa wiki kisha mchana, nyumba nne kila siku, hiyo ni nyumba nane. Mareko wa kartie, wale wajitoleaji wa afya, tuko nao tayari, wanapanda hii milima kwa chanjo ya polio na kwa kolera, wanajua kila mulango. Wafundishwe vitu vichache: kujua shingo iliyokazwa na dawa, kujua wiki za hatari kisha kutoka hospitali, kujua kuuliza bila kuogopa kama mutu anawaza kufa, kujua nani wa kupigia telefone usiku. Na walipwe. Hapa nasisitiza, juu tumezoea kumupa reko t-shirt na asante. Mutu anayezuia mwingine kufungwa kamba anafanya kazi, na kazi inalipwa.

Na wale wamama wa maombi? Mimi ningeanza nao. Wengine watanikasirikia. Lakini wako na kile hospitali haina: wanajua nani amelala na njaa, wanarudi bila kuitwa, mama anawafungulia mulango. Kama wangejua tu dalili mbili tatu, kama wangeomba alafu wakasema "na dawa ya jioni umekunywa?", tungekuwa mbali. Infirmie wetu alifanya ile na kikundi cha avenyu yetu, alikaa nao kimya mu maombi yao mara mbili nzima kabla ya kusema chochote, na leo mukubwa wao njo anamukumbusha mudogo wangu siku ya sindano. Lakini niko na mupaka pia: mahali wanafunga mutu minyororo, wanamunyima chakula siku saba eti pepo itoke kwa njaa, wanamukataza dawa, pale sizungumuzi juu ya kushirikiana, pale mutu anateswa na anapashwa kutolewa. Bwana Grégoire Ahongbonon wa Benin, fundi wa matairi tu, hana diploma ya udaktari, ametumia maisha yake kuanzia Bouaké, Kodivaa, kukata minyororo ya namna hiyo mu vijiji na mu kambi za maombi, na wengi wanaotunza wagonjwa mu vituo vyake ni watu waliokuwa wagonjwa wenyewe. Hilo la mwisho nalipenda kuliko yote. Mudogo wangu sasa anaweza kumuambia kijana mwingine juu ya ile shingo, na kijana atamuamini kuliko mimi, kuliko daktari.

Infirmie wetu ana miaka karibu 70. Kutoka kwake mupaka kwetu ni ngazi 112, nilizihesabu siku moja tukipanda pamoja akisimama kila kumi ili kupumua. Mu mvua anakuja na fimbo, na mara zingine mudogo wangu njo anashuka kumupokea, anamushika mukono, wanapanda pole pole wawili. Mama alimuuliza mwezi uliopita, "Papa, magoti yako ikikatala, nani atakuja?" Akasema hajui. Hayuko mu orodha ya zoni ya afya yoyote, hakuna kazi inayoitwa hivyo ya kumuachia mutu. Ameanza kuja na kijana moja aliyemaliza masomo ya infirmie na hana kazi, anamuonyesha vile ya kuomba maji kwanza, vile ya kukaa. Wiki mbili zilizopita kijana alikuja peke yake, akakaa juu ya kibidoni kilekile. Wiki iliyopita hakuja, alipata kazi ya siku mu chantie na alikuwa anahitaji ile pesa.